Mwendo wa ndege kati ya viwanja viwili: tovuti, ramani ya simu, hesabu ya mkono au kuifuatilia ndege yenyewe?

Uliza watu wanne Lamu mpaka Malindi kwa ndege ni mwendo gani. Wa kwanza atakwambia 141, wa pili 88, wa tatu 76, na wa nne, ambaye juzi tu ameshuka basi, atakuapia ni zaidi ya 200. Usimcheke yeyote manake wote wako sawa. 141 ni kilomita kwa mstari ulionyooka, 88 ni zile maili za kawaida za Waingereza na Wamarekani, 76 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha hutumia (moja ni mita 1,852 kamili), na zile 200 na ushee ni kilomita za barabara kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, na hapo Mokowe ukishafika bado hujavuka maji.

Kwa hivo kabla hujaanza kubishana na mtu kuhusu namba, angalia kwanza ameipata wapi. Njia ziko nyingi lakini zinazotumika sana na watu wa kawaida ni nne, na nimeona watu wengi wanakwama hapo kwa kuchagua, mmoja anataka ya mtihani, mwingine anataka kujua bei ya kukodi ndege, mwingine ni ubishi tu wa barazani.

Tuelewane kwanza tunapima nini

Hesabu yenyewe si ngumu hivo. Ugumu ni kwamba swali lina vichwa vitatu na watu huuliza kama vile ni kimoja. Kuna mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, kuna mwendo ambao ndege imeruka kweli siku hio, na kuna muda wa safari ambao watu hupenda kuugeuza ukawa kilomita.

Ule mstari mfupi ndio wataalamu huuita duara kuu. Chukua mpira wa watoto, shikilia uzi kwa kidole pale unapokisia ni Nairobi halafu uvute mpaka New York na uukaze vizuri, uzi wenyewe utajitafutia njia. Ukiipeleka njia hio hio kwenye ramani bapa ya ukutani darasani itaonekana imepinda, na kuna watu hudhani rubani alikuwa anazunguka tu amalize mafuta ya wenyewe, kumbe ramani ndio iliopinda na ndege ilikwenda sawa.

Sasa vitu vya kuangalia kwa kila njia ni hivi: inapima mwendo upi kati ya hio, iko sahihi kiasi gani, inakula bando na muda kiasi gani, na inamfaa nani. Kuna kingine kidogo ambacho wengi husahau, nacho ni kwamba je uwanja wako unajulikana au ni kile kiwanja cha changarawe ambacho punda ndio hufukuzwa kwanza ndege ikitaka kutua.

Njia ya 1: Tovuti zinazopiga mwendo kwa herufi za viwanja

*Inapima nini.* Duara kuu peke yake, kutoka uwanja mpaka uwanja. Karibu kila uwanja wa abiria una herufi tatu, zile zinazobandikwa kwenye begi lako. Lamu ni LAU (ingawa uwanja wenyewe uko Manda, ng'ambo ya maji), Malindi ni MYD, Mombasa MBA, Ukunda UKA, na vya Nairobi ni Wilson WIL na Jomo Kenyatta NBO. Tovuti inayojulikana zaidi ni Great Circle Mapper, unaandika LAU-MYD, unabonyeza, inakuchorea mstari na kukupa namba. Ukitaka safari ya vituo unaziunganisha tu, LAU-MYD-NBO, inajumlisha yenyewe.

Na hapo kwa vituo ndio utamu ulipo. Lamu mpaka Jomo Kenyatta moja kwa moja ni kama kilomita 455. Lakini ndege ikipitia Malindi kuchukua watu, unakwenda 141 halafu 411, jumla 552, yaani karibu kilomita mia moja za ziada na hapo hujahesabu ile dakika ishirini ya kukaa chini mnangojea abiria mmoja ambaye bado yuko kwenye tuktuk. Na usiseme Nairobi tu ukaachia hapo, Lamu mpaka Wilson ni kama 467, kilomita kumi na mbili zaidi ya Jomo Kenyatta, mji ni ule ule.

*Usahihi.* Mzuri sana, ila usishangae tovuti mbili zikikupa namba tofauti kidogo. Dunia si duara kamili, imebonyea kwenye ncha: kutoka katikati mpaka ikweta ni kama kilomita 6,378, mpaka ncha ya kaskazini ni kama 6,357. Tovuti nyengine huihesabu dunia kama tufe kamili, nyengine huhesabu na huko kubonyea. Mombasa mpaka Dubai kwa tufe kamili inatoka kama 3,675, ukiweka ule ubonyeo inashuka mpaka karibu 3,660. Kilomita kumi na tano kwa safari ya masaa matano hazina kesi. Tofauti ya namna hii kwa kawaida haizidi nusu ya asilimia moja, kwa hivo ukiona mtu anakushikia kilomita mbili za Lamu na Nairobi mwache.

Kinachoangusha watu hapa ni kipimo. Tovuti nyingi hizi zimetengenezwa na watu wa Marekani na namba ya kwanza unayoiona huenda ni maili, na si ya baharini. Angalia herufi mwisho wa namba kabla hujanakili. Kosa jengine ni kuandika jina la mji badala ya herufi, London peke yake ina viwanja kadhaa na kompyuta itakuchagulia inachotaka yenyewe.

*Bando na muda.* Kurasa nyepesi, hata intaneti ya kusuasua inafungua. Nusu dakika umemaliza.

*Inamfaa nani.* Yeyote anayetaka jibu la haraka la viwanja vinavyojulikana. Haimfai anayetaka kwenda kiwanja kisicho na herufi, na haimfai mwanafunzi manake mwalimu hataki jibu peke yake.

Njia ya 2: Kupima kwenye Google Maps au Google Earth

*Inapima nini.* Duara kuu pia, lakini kutoka nukta yoyote mpaka nukta yoyote. Kwa simu unabonyeza na kushikilia mahali mpaka ile alama nyekundu itokee, halafu chini yake unatafuta pa kupima umbali, unasogeza ramani mpaka unakokwenda. Kwa kompyuta unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi. Google Earth nayo ina rula yake.

Ila tafadhali usibonyeze pa kuelekezwa njia. Huko itakupeleka Garsen.

*Usahihi.* Ramani yenyewe haina shida, tatizo ni kidole chako. Ukiwa umeivuta ramani mpaka Kenya nzima inaonekana kwenye kioo, ukubwa wa kidole tu ni kilomita kadhaa. Sogeza karibu mpaka uione njia ya kurukia ndege yenyewe ile nyeusi ndefu, weka nukta katikati yake, halafu nenda uwanja wa pili ufanye vilevile. Kwa nini katikati? Kwa sababu nukta rasmi ya uwanja ambayo tovuti za njia ya kwanza hutumia kwa kawaida huwa karibu na katikati ya njia za kurukia, haiko kwenye jengo la abiria wala getini. Ukipima kutoka getini na mwenzako akapima kutoka katikati mtatofautiana kilomita moja au mbili, na kwa safari fupi kama ya Malindi na Mombasa ambayo ni 106 tu, hio mbili inaonekana.

*Bando na muda.* Hapa sasa ndio unalipa. Picha za setilaiti zinakula bando vizuri sana, hasa ukianza kutalii, unaanza Manda, mara umefika Shela unatafuta nyumba ya mjomba, mara uko Pate.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda au kutoka viwanja vidogo. Huku kwetu kuna viwanja vya kambi za wageni, vya Delta ya Tana, vya mashamba, ambavyo hata ukivitafuta kwa herufi huvipati, lakini kwa setilaiti utaviona ni mstari mwekundu katikati ya vichaka. Inamfaa pia anayetaka kujua mwendo kutoka gati mpaka uwanja, manake kwa mtu wa Amu (Lamu) safari ya ndege inaanza na boti.

Njia ya 3: Kupiga hesabu mwenyewe

Mimi hii ndio naipenda, nasema mapema ili ujue nina upendeleo.

*Inapima nini.* Duara kuu, kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili. Uzuri wa sisi watu wa pwani hii ni kwamba tuko karibu sana na ikweta. Digrii moja ya latitudo ni dakika 60, na kila dakika ni kama maili moja ya baharini, popote ulipo duniani. Longitudo ndio hupungua kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, lakini kwa latitudo ya 2 au 3 kupungua kwenyewe ni sehemu moja kwa elfu, waweza kuiacha. Kwa hivo Lamu na Malindi waweza kuipiga kwa kalamu ukiwa umekaa barazani unangojea kahawa.

Uwanja wa Manda uko kama digrii 2.252 kusini na 40.913 mashariki. Malindi 3.229 kusini na 40.102 mashariki. Toa: latitudo zimeachana 0.977, longitudo 0.811. Zidisha kila moja kwa 60, unapata dakika 58.6 na 48.7. Sasa ni pembetatu ya Pithagora ile ya darasa la nane, 58.6 mara yenyewe jumlisha 48.7 mara yenyewe, skwea ruti yake 76.2. Hizo ndio maili za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate 141. Ile ile ya tovuti, na hujatumia bando hata kidogo.

Nahodha mwenye chati na bikari atafanya kitu hicho hicho bila kuandika: anafungua bikari toka hapa mpaka pale, anaipeleka kwenye ukingo wa latitudo pembeni mwa chati, anahesabu dakika. Ukingo wa pembeni, sio wa juu wala wa chini.

Lakini ujanja huu wa kalamu una mpaka wake. Jaribu Nairobi mpaka New York kwa njia hio hio, hata ukikumbuka kupunguza longitudo kwa latitudo ya katikati, utapata karibu kilomita 12,500. Duara kuu halisi ni kama 11,840. Umeongeza zaidi ya kilomita 650 kwa sababu umeifanya dunia kuwa bapa. Kwa safari za ndani ya Kenya, au hata mpaka Zanzibar na Dar es Salaam, tumia kalamu bila wasiwasi. Ukishavuka bara, tumia fomula yenyewe. Kwenye Excel au Google Sheets weka uwanja wa kwanza safu ya 2 na wa pili safu ya 3, latitudo kwenye B na longitudo kwenye C, halafu nakili hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Jibu linatoka kwa kilomita. Hio 6371 ni nusu-kipenyo cha wastani cha dunia, ukitaka maili za baharini gawanya jibu kwa 1.852.

*Usahihi.* Fomula haikosei, anayekosea ni mwandishi. Makosa mawili yanarudi kila siku. La kwanza ni alama ya kutoa. Kusini ya ikweta latitudo huandikwa na kutoa mbele, na watu wetu huisahau sana kwa sababu Mombasa, Malindi na Lamu zote ziko kusini, ukisahau kwa zote mbili jibu linatoka sawa na unazoea vibaya. Siku unapiga Mombasa na Dubai ukiwa umeandika 4.035 badala ya -4.035, unapata karibu 2,900 badala ya 3,675. Umeuhamisha uwanja wa Mombasa ukaupeleka ng'ambo ya pili ya ikweta na kompyuta haikusemi kitu.

La pili ni kuchanganya dakika na nukta. Uwanja wa Manda ukiandikwa kwa digrii na dakika ni 2 na dakika 15. Mtu anaandika 2.15. Dakika 15 ni robo ya digrii, yaani 2.25, kwa hivo ukiandika 2.15 umeusogeza uwanja kilomita 11 kaskazini. Na kuna fomula nyengine za kalkuleta ambazo zinataka radiani, ukiziwekea digrii zitakupa namba ya ajabu kabisa, angalau hio utaishtukia.

*Bando na muda.* Sifuri ya bando kama namba za viwanja unazo. Muda mara ya kwanza ni mwingi, ukishatengeneza karatasi yako ya Excel unaweza kupiga viwanja mia kwa mpigo, kitu ambacho tovuti ya herufi itakuchosha mapema.

*Inamfaa nani.* Mwenye orodha ndefu, mwenye shaka ambaye hapendi kuamini namba asiyojua ilikotoka, na wanafunzi wa kidato cha nne. Ila mwanafunzi angalia hapa vizuri: mtihani wa KCSE hutumia 6370 na pai ya 22/7, na mara nyingi huulizwa mwendo kufuata duara la latitudo, kutoka mji mmoja mpaka mwengine ulioko latitudo hio hio. Huo sio mwendo mfupi kuliko yote! Hapo unatumia 60 mara tofauti ya longitudo mara kosaini ya latitudo, jibu linatoka kwa maili za baharini, na ukienda kuhakikisha jibu lako kwa tovuti ya njia ya kwanza litakataa, hasa miji ikiwa mbali na ikweta, utafuta jibu ambalo lilikuwa sawa. Fuata swali, tovuti waachie wasafiri.

Njia ya 4: Kuifuatilia ndege yenyewe

*Inapima nini.* Mwendo ambao ndege imeruka kweli. Tovuti za Flightradar24 na FlightAware zinaonyesha mstari wa ndege dakika kwa dakika, na safari ikishaisha unaweza kuirudia uone ilipita wapi.

Na karibu kila mara ni mrefu kuliko duara kuu. Ndege haikurupuki tu ikalenga inakokwenda, inaruka ikiukabili upepo, inageuka, inaingia kwenye njia zake za angani zenye vituo vyenye majina, ikikaribia inapangwa foleni na wenye mnara, inazunguka mawingu mabaya. Kwa safari fupi hii inauma zaidi, Lamu mpaka Malindi ikizunguka kidogo tu kujipanga na uwanja imeshaongeza asilimia kadhaa. Kwa safari ndefu kuna mambo ya nchi: anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya ambazo zilikuwa zikipita juu yake zikabidi zizunguke. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, ndio maana Helsinki mpaka Tokyo imekuwa safari ya kama masaa 13 badala ya 9. Duara kuu la miji hio halijabadilika hata mita moja.

*Usahihi.* Kwa ndege kubwa ni mzuri. Kwa hizi ndogo zetu inategemea. Ndege hutangaza ilipo kwa redio, na antena za chini, nyingi za watu wa kujitolea, ndio huzipokea. Ndege ikiwa chini na antena iko mbali, mgongo wa dunia unaikinga, unaona mstari umekatika juu ya maji halafu ndege inaibukia kwengine, au haiibuki kabisa na shangazi anaanza kusoma Yasini. Imetua salama, ni antena tu haikuiona. Kile kipande kilichokosekana programu hukichora kwa kukisia, kwa hivo usikihesabu kama ushahidi.

*Bando na muda.* Ramani yake haitulii, inajichora upya muda wote, bando linakwenda. Na ukitaka wastani wa maana huwezi kuangalia safari moja, angalia kadhaa za siku tofauti. Ya kurudi nyuma sana wanataka ulipie.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua mafuta, muda na gharama za kweli. Hapa kwetu ni hasa wanaokodi ndege. Maongezi yenyewe huwa hivi:

"Ami, Lamu Wilson si kilomita mia nne na sitini tu, mbona bei imekwenda juu hivo?"

"Mwanangu, hio ndege itoke Wilson tupu, ije Manda ikuchukue, ndio irudi na wewe. Wewe wahesabu mara moja, sisi twahesabu mara mbili. Na wewe umepima kwa mstari, rubani hapiti kwa mstari wako."

Wote wawili wamesema kweli, ila mwenye ndege hulipisha kwa saa za kuruka. Ukitaka kubishana naye vizuri bishana kwa saa.

Na ile ya kuzidisha muda kwa kasi?

Kuna anayesema ndege imechukua saa moja na nusu, inakwenda maili 160 za baharini kwa saa, basi ni maili 240. Kwa Caravan (ndege ndogo ya injini moja) ya Wilson mpaka Lamu jibu hilo linakaribia kidogo (halisi ni kama 252), lakini ni bahati. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege ikiondoka ilipoegeshwa mpaka ikisimama, ndani yake kuna kutambaa chini, kupanda na kushuka, na kuna akiba ya kuchelewa. Halafu kuna upepo. Mwendo wa Lamu na Malindi ni ule ule kaskazi na kusi, ila muda wa kwenda na wa kurudi haulingani, na hilo wanaosafiri kwa jahazi hawahitaji kuambiwa. Itumie kukisia kama namba uliopata kwengine ina akili, basi.

Sasa wewe uko upande gani

Kama ni ubishi wa barazani au unataka tu kujua, na viwanja vyote ni vya tiketi, tumia tovuti ya herufi. Andika na kipimo pembeni, kilomita au maili gani, ubishi wenyewe nusu yake utakufa hapo.

Kama ni kiwanja cha kambi au kisiwa ambacho hakina herufi, ramani ya setilaiti. Nukta katikati ya njia ya kurukia, na fanya ukiwa kwenye WiFi ya mtu.

Kama ni mtihani, hesabu ya mkono kwa namba walizokupa wao, na soma mara mbili kama wanataka duara kuu au duara la latitudo.

Kama una jedwali refu la ripoti au biashara, Excel. Piga viwili vitatu kwa tovuti ulinganishe, zikikataa kwa zaidi ya nusu asilimia kagua alama za kutoa kwanza kabla ya kitu chengine.

Kama ni ripoti ya hewa ya ukaa, usitumie duara kuu tupu. Kikokotoo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huongeza kilomita 50 kwa safari zilizo chini ya 550, huongeza 100 kwa za 550 mpaka 5,500, na 125 kwa zinazozidi hapo, kufidia kule kuzunguka. Lamu mpaka Jomo Kenyatta ya 455 inaingia kama 505.

Kama una ndugu Italia, na watu wa Malindi mnao wengi, na ndege ya kuja au kwenda Ulaya imemchelewesha vibaya, sheria ya Ulaya ya fidia namba 261 ya mwaka 2004 inahesabu kwa duara kuu, kwa hivo mstari wa Flightradar hautamsaidia hata ndege ikiwa imezunguka nusu ya Afrika. Mipaka yake ni kilomita 1,500 na 3,500, na safari ya Italia mpaka Mombasa inazidi 5,000, hapo hakuna cha kupima. Kupima kunaanza kuwa na maana kwa safari zilizo karibu na mipaka hio. Na kumbuka inahusu ndege zinazotoka Ulaya, za kwenda Ulaya ni lazima shirika lenyewe liwe la Ulaya.

Kama unakodi ndege, au kuna mgonjwa wa kukimbizwa Mombasa au Nairobi, angalia safari za kweli za ndege ya aina hio hio kwenye njia hio hio, halafu uliza mambo mawili kwa simu: ndege iko wapi sasa hivi, na saa za kuja tupu nani analipa. Kilomita 246 za Lamu na Mombasa hazitakwambia lolote ikiwa ndege yenyewe imelala Wilson.

Na kama ni pointi za shirika la ndege unazikusanya, usipime kabisa. Mashirika mengine yanatoa pointi kwa pesa uliolipa, mengine yana jedwali lao la maili, fungua la kwao usome.